Yatima wa Ireland na masimango ya Sydney

Kinachoniuma zaidi katika habari za mabinti yatima wa Ireland ni namna walivyopokelewa.

Kati ya 1848 na 1850, Serikali ya Uingereza iliwachukua wasichana zaidi ya 4,000 kutoka nyumba za maskini za Ireland, yaani makazi ya umma ya kuhifadhi mafukara, na kuwapeleka Australia. Wengi walikuwa bado vigori. Viazi vilikuwa vikioza mashambani tangu 1845, njaa na homa zimewamaliza wazazi, na nyumba zile zimefurika. Huko koloni nako wanawake walikuwa wachache na wenye nazo wanatafuta watumishi wa ndani. Earl Grey, Waziri wa Makoloni, akaona amepata dawa ya shida zote mbili.

Kila binti alipewa sanduku la mbao. Ndani mna shimizi sita, soksi jozi sita, viatu jozi mbili, magauni mawili. Kwa mtoto aliyeingia nyumba ya maskini na matambara mwilini, hiyo ilikuwa mali.

Meli ya kwanza ilifika Sydney Oktoba 1848, na daktari wa melini akawashtaki wasichana wa Belfast kwamba wana matusi na tabia chafu. Magazeti yakadakia: hawajui kupika, hawajui kufua, hawafai. Jamani, wangejifunzia wapi? Mtu aliyekulia kwenye uji wa kupimiwa atajuaje kuoka nyama ya tajiri? Dola iliyoshindwa kuwaokoa wazazi wao ndiyo iliyowapakia melini, na koloni zake zikawasimanga kwa ufukara ule ule.

Yatima hadeki, wahenga walisema, lakini wapo waliokataa kunyamaza. Walijibizana na mabwana waliowaajiri, wengine wakatoroka, kesi zikafika kwa hakimu na mikataba ikavunjwa. Wapo waliosukumwa mbali na Sydney, hadi Moreton Bay, eneo la Brisbane ya leo. Lawama zilipozidi, mpango ukasimamishwa. Waliobaki wakaolewa, wakazaa, na leo wajukuu wa wajukuu zao wamejaa Australia.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosoma majalada ya kesi zile na kuhitimisha kwamba wasichana hawa walikuwa wakorofi. Malalamiko mengi yaliyomo ni ya waajiri. Msichana wa miaka 15, hana mama, hana kaka wa kumtetea, anasimama mbele ya hakimu na kusema hataki kurudi kwa yule bwana. Mimi hapo namwona jasiri.