Majestic ya Vuga ifufuliwe, lakini kwa ajili ya nani?

Kila linapotajwa jengo la sinema ya Majestic pale Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaotaka picha zirudi, na wapo wanaoona kwamba kutia fedha kwenye ukumbi wa sinema zama hizi, kila mtu na simu yake mkononi, ni kuzitupa baharini. Mimi niko na wanaotaka ukumbi ufufuliwe. Hata hivyo, hoja za wenzetu ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri, na kuzipuuza ndiko kutakakouua ukumbi huo mara ya pili.

Mahali pale palikuwa na sinema tangu miaka ya 1920, ikiitwa Royal. Iliungua mwaka 1954, likajengwa jengo jipya kwa mtindo wa Art Deco, na ndilo Majestic. Mji mdogo ule ulikuwa pia na Empire pale Darajani na Sultana, ambayo baadaye ikaitwa Cine Afrique. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zikataifishwa.

Namna zilivyofanya kazi inafaa kutazamwa kwa karibu. Kopi ya picha ilikuwa ghali, kwa hiyo sinema mbili ziliweza kuonesha kopi moja usiku mmoja. Picha ilikaa kwenye mikanda kadhaa, kila mmoja ukichukua kama dakika 20 hivi. Sinema ya kwanza ilitangulia. Mkanda ukimalizika unatiwa mkebeni, na kijana wa baiskeli anaukimbiza kupitia vichochoro hadi sinema ya pili, ambako watazamaji wameshaanza kuutazama ule wa kabla yake. Akichelewa, ukumbi mzima unangoja. Kulikuwa pia na maonesho ya wanawake pekee, zanana, ambapo kina mama na mabinti waliingia bila ya kuulizwa wanakwenda wapi na nani. Picha za Kihindi zilililiwa machozi mle ndani, nyimbo zake zikatoka mlangoni pamoja na watu. Yeyote anayesema sinema ni starehe tu, tena ya kuletwa, hajazingatia ni mahali pangapi pengine mwanamke wa mjini aliweza kukaa saa tatu na wenzake, hadharani na kwa heshima.

Sasa, nini kiliua haya? Jibu la haraka ni televisheni. Mimi silikubali lote. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilingoja hadi 1994, na bado sinema za Mji Mkongwe ziliendelea kujaza watu kwa miaka mingi baadaye. Kilichoziumiza zaidi ni uhaba wa fedha za kigeni uliofanya picha mpya zisije, mitambo isiyopata vipuri, na kisha mikanda ya video ya miaka ya 1980 iliyoleta nyumbani kile ambacho ukumbi haukuwa nacho tena. Watu hawakuchoka kukaa pamoja. Walichoka kuoneshwa picha ileile. Ushahidi uko Bara, kwenye vibanda umiza: joto, mabenchi, televisheni moja, na bado watu wanalipa waone mpira na filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, ingawa wengi wao wana televisheni nyumbani.

Hoja ya fedha, hata hivyo, haikimbiliki. Siku hizi filamu huja kwenye diski, na hufunguka kwa ufunguo wa kidijitali wenye muda maalumu. Projekta inayokubaliwa na wasambazaji ni ghali mno, na ilipoacha kuwa hiari, mwanzoni mwa miaka ya 2010, sinema ndogo nyingi duniani zilifungwa. Juu ya hapo, msambazaji huchukua sehemu kubwa ya tiketi, mara nyingi zaidi ya nusu kwa picha mpya, na mwenye ukumbi anabaki kuishi kwa soda na bisi. Ongeza hewa ya bahari. Chumvi hupenya kwenye zege, chuma cha ndani kikila kutu huvimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Aliyeona sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilivyoporomoka Desemba 2020 na kuua watu ana haki ya kuuliza kwa nini shilingi ya kwanza iende kwenye sinema.

Jibu langu kwa hilo ni kwamba Majestic nayo ni jengo lililomo ndani ya Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kuliacha nako kuna gharama na hatari yake. Swali la kweli ni baada ya matengenezo litafanya nini. Hapa ndipo ninapowaogopa marafiki wa Majestic kuliko wapinzani wake. Ni rahisi sana kulifanya ukumbi wa wageni: picha chache za tamasha, kahawa ya bei ya hoteli, maonesho ya mavazi. Tamasha la filamu la ZIFF, lililoanzishwa 1997, limeleta mengi mazuri pale Ngome Kongwe, lakini tamasha ni la siku chache kwa mwaka. Ukumbi wa mtaa unapimwa kwa Jumanne ya kawaida, msimu wa mvua, wakati hakuna mgeni hata mmoja.

Inawezekana? Campbeltown, mji mdogo wa pwani huko Scotland, una sinema iliyofunguliwa 1913. Ilipofungwa miaka ya 1980 wakazi waliichukua wenyewe kupitia chama chao, wakaifungua tena, na 2017 ikarudi baada ya matengenezo makubwa ikiwa na chumba cha pili cha kuoneshea. Chumba hicho cha pili ni jambo kubwa: msambazaji anapotaka picha yake ishike ukumbi wiki nzima, kuna pengine pa kuonesha nyingine. Ruzuku ilihitajika, na hilo lisifichwe. Sinema ndogo inayojilipia yenyewe kila shilingi ni adimu.

Kwa hiyo wanaopanga Majestic mpya wangeandika mambo matatu kwenye mkataba kabla ya rangi ya ukutani: tiketi ambayo mwanafunzi wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, ataimudu; siku ya wanawake kila wiki; na nafasi ya kudumu ya filamu za Kiswahili. Mwendeshaji asiyekubali hayo apewe jengo jingine.