Majumba ya Sinema ni Kazi ya Kaunti, Basi Kaunti Zifanye Kazi Hiyo

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010 linataja kazi za serikali za kaunti. Zahanati, shule za chekechea na barabara za mitaani tunazikumbuka wote, maana ndizo zinazopigiwa kelele kila mwaka. Lakini humo humo, chini ya utamaduni na burudani za umma, yametajwa majumba ya sinema na maonyesho ya video, sambamba na maktaba na makavazi. Kwa hiyo kijana wa Kisumu anayeomba mahali pa kuonyesha filamu yake haombi hisani ya gavana. Anadai haki ambayo kaunti imekabidhiwa tangu ugatuzi uanze mwaka 2013.

Ninaandika haya kwa sababu naona kazi nzuri ikifia mikononi mwa wenyewe. Vijana wa huku Magharibi wanaamka alfajiri kuwapiga picha wavuvi wakirudi ufuoni Dunga, wanaazima kamera, wanahariri usiku kwa kompyuta ya rafiki, waigizaji wanalipwa nauli na chai. Filamu inakamilika. Kisha? Inapandishwa YouTube inakopotea kati ya mamilioni ya video nyingine, au inapelekwa Nairobi kwenye tamasha, na mama aliyeigiza ndani yake hana nauli ya kwenda kujiona.

Na asiniambie mtu kwamba watu wa huku hawapendi sinema. Pita Kondele au Manyatta jioni uone vibanda vya video vilivyojaa: mabenchi ya mbao, televisheni ukutani, na sauti ya DJ Afro ikisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili cha mtaani. Watu wanalipa, wanacheka, wanajibizana na skrini. Watazamaji hao wako tayari kabisa, tena wamekuwa tayari kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni filamu ya kwao kufika pale kwa njia itakayomrudishia mwenyewe hata nusu ya gharama yake. Mara nyingi mwenye kibanda humwona afisa wa serikali siku ya kukaguliwa leseni tu. Sijasikia aliyetembelewa na afisa akamuuliza, tukuletee filamu za vijana wa hapa?

Serikali yetu imezoea kuitazama filamu kama kitu cha kulindwa kwa askari. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ilitungwa mwaka 1962, kabla hatujapata uhuru. Ndani yake imo hitaji la kuomba leseni kupitia ajenti aliyesajiliwa, na kuambatisha maelezo ya kila tukio pamoja na maneno yote yatakayosemwa katika filamu nzima. Imo pia ruhusa ya kumweka polisi mahali pa kupigia picha, naye aweza kusimamisha kazi. Studio kubwa kutoka nje ina wanasheria na maajenti wa kushughulikia hayo. Mtu mwenye kamera moja na marafiki watano hana. Ndiyo maana wengi wanapiga picha kwa kujificha, jicho moja kwenye kamera na jingine kwa kanjo, yaani askari wa kaunti.

Mgala muue na haki yake mpe. Tume ya Filamu Kenya ipo tangu 2005, tuzo za filamu za Kalasha zilianza 2009, na shule ya filamu ya serikali ilifunguliwa Kasarani. Haya si madogo. Ila yote yameegemea Nairobi.

Suala la fedha ndilo linalotajwa kwanza kila tukiuliza, kana kwamba tunaomba mabilioni. Ufaransa ilianzisha taasisi yake ya sinema, CNC, mwaka 1946, na hadi leo hukata asilimia 10.72 ya bei ya kila tiketi, hata ya filamu ya Hollywood, ili filamu zao zipate kutengenezwa. Tukiona Ufaransa ni tajiri mno kwa mfano, tuitazame Burkina Faso, nchi isiyo na mali ya Kenya, ambayo imelea tamasha la filamu la FESPACO pale Ouagadougou tangu 1969. Kaunti zetu hutoza ada za kupiga picha na za maonyesho ya video. Ada hizo zingeweza kutengwa ziwe mwanzo wa mfuko wa filamu, badala ya kuzama katika kapu moja na ada za maegesho.

Lakini mfuko bila uhuru siutaki. Aprili 2025 fainali za kitaifa za tamasha la drama na filamu za shule zilifanyika Nakuru. Wasichana wa shule ya Butere, kutoka Kakamega, walikuwa wameondolewa mashindanoni, wakarudishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Aliyewaandikia mchezo, seneta wa zamani Cleophas Malala, akakamatwa kabla hawajapanda jukwaani. Wasichana wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Ibara ya 33 ya Katiba inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa kwa maneno ya wazi, na bado watoto wa shule walifanyiwa hivyo, katika tamasha ambalo filamu nazo hushindanishwa. Nani basi atathubutu kuandika kuhusu ardhi au polisi akijua pesa zake za mwakani ziko mikononi mwa aliyekasirika? Mfuko wowote wa kaunti lazima usimamiwe na jopo lisiloweza kufutwa kwa simu ya afisi ya gavana, na orodha ya waliopewa pamoja na walionyimwa itangazwe.

Taarifa ya mikakati ya fedha ya kaunti hufikishwa bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Kabla ya hapo sheria inataka wananchi wasikilizwe. Kwenye vikao hivyo wanakuja wakulima, wachuuzi, wahudumu wa boda boda. Sisi wa filamu hatuonekani. Safari hii twendeni, Kisumu, Nakuru na Kakamega, tukiwa na karatasi yenye bei: projekta moja, spika mbili, mapazia mazito ya kuzuia mwanga, na mshahara wa mtu mmoja wa kuendesha maonyesho kila Ijumaa katika ukumbi wa kijamii ambao kaunti tayari inaumiliki. MCA, mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, akisema hakuna pesa, tumwonyeshe ukurasa wa Jedwali la Nne, tena tumwombe ajibu kwa maandishi.