Shahada ya Biashara Nayo Ina Kwao

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu hupata wageni. Ni binamu, ni mtoto wa jirani yetu wa Moshi, ni mwanafunzi wa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) ambaye mjomba wake alipewa namba yangu msibani. Wote huuliza swali moja: kati ya kusoma shahada ya usimamizi wa biashara nyumbani, iwe Mzumbe, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) au Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), na kuja kuisomea huku Ujerumani, lipi ni bora? Wanaouliza huwa wamekwisha kulijibu wenyewe na wanataka tu niwaunge mkono. Huu ni mwaka wangu wa nane huku, shahada ninayo na kazi ninayo, lakini jibu langu huwakera wengi: ikiwa nia yako ni kurudi kufanya biashara Tanzania, basi shahada ya kwanza isomee Tanzania.

Nianze na fedha, kwa kuwa ndizo zinazotangulia katika kila mazungumzo ya aina hii. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 huwatoza wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa kila muhula. Hata hivyo, bure hiyo ina mlango wake na mlango una bei. Ili upate viza ni lazima uthibitishe kwamba unazo fedha za kujikimu, na njia iliyozoeleka ni kuzifungia katika akaunti maalumu inayokuruhusu kutoa fungu la mwezi tu. Kiwango kilichowekwa Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Wakati wangu kilikuwa pungufu ya hapo, lakini kwetu kiliuzwa kiwanja. Mwenzangu aliyebaki nyumbani alilalamikia boom, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, kila lilipochelewa, nami nilimhurumia, mpaka nilipokumbuka kwamba mkopo wake haukumgharimu mama yake ardhi.

Fedha, hata hivyo, si hoja yangu kuu. Hoja yangu ni kwamba masomo ya biashara hayafanani na fizikia. Debiti na krediti hazibadiliki kwa kuvuka bahari, na mwaka wa kwanza nilitamba darasani kwa yale niliyoyapata sekondari. Kuanzia muhula wa tatu nchi ikaingia darasani. Tulisoma hesabu za kampuni kwa kufuata sheria ya biashara ya Wajerumani ya mwaka 1897, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900 na kurekebishwa mara nyingi tangu hapo. Tulisoma kwamba kampuni ya aina ya GmbH, yaani yenye dhima yenye ukomo, haianzishwi bila mtaji wa euro 25,000, na kwamba kodi ya mauzo ni asilimia 19, au 7 kwa bidhaa kama vyakula vingi na vitabu. Tuliruhusiwa kuingia mtihanini na kitabu cha sheria, mradi kisiwe na maelezo ya ziada. Mimi nilikuwa nimebandika vikaratasi kwenye kurasa muhimu, na katika kimoja nilijisahau nikaandika maneno matatu ya Kiswahili. Msimamizi akakibandua kwa kucha, polepole, akakitazama pande zote mbili kama noti ya bandia, kisha akakitia mfukoni. Nilifaulu, lakini kila nilichofaulu siku ile kinaishia mpakani mwa nchi ile.

Mama yangu anauza vitenge Kariakoo kwa jumla. Mtaji wake mkubwa ni kaunta buku lenye majina ya akina mama wa Mbeya, Tunduma na Songea ambao huchukua majora kwa mali kauli, wakauza, ndipo wakalipa. Katika semina moja kuhusu madeni ya wateja nilieleza utaratibu huo, na mwalimu akauliza kwa heshima dhamana yake ni nini. Nikamjibu kwamba wanunuzi wa mji mmoja husafiri basi moja, na asiyelipa hana uso wa kupanda basi lile tena. Darasa likacheka, mwalimu akatabasamu, tukaendelea na slaidi iliyofuata. Sikumlaumu, kwani hakuwa na sababu ya kuijua Kariakoo.

Ninaowalaumu ni wa kwetu. Nilipomwomba binamu yangu wa Mzumbe anitumie notsi zake, nilikuta mifano ya viwanda vya magari vya Marekani na soda za Marekani, na mali kauli haikutajwa popote. Tofauti ni kwamba mhadhiri wake, akiulizwa, anajua inavyofanya kazi, maana huenda hata suti aliyovaa aliichukua hivyo hivyo.

Sitaki nieleweke kwamba huku sikupata kitu. Nilikaa miezi mitano ya mafunzo kwa vitendo katika kiwanda cha familia kinachotengeneza bawaba za milango, katika mji mdogo ambao hata baadhi ya Wajerumani hawajausikia, na wiki ya pili tu nilikabidhiwa kulinganisha hesabu za ghala na mali iliyopo. Rafiki zangu wa nyumbani huenda field na kurudi wakiwa mabingwa wa kutoa fotokopi. Pia nilishangaa kukuta kwamba mkuu wa manunuzi pale hakuwa na shahada yoyote: alijifunza kazi kwa miaka mitatu, siku kadhaa za wiki kiwandani na siku nyingine shule ya ufundi, na hakuna aliyemdharau. Kwetu mtu huyo angeambiwa ajiendeleze.

Jambo jingine nililolipata huku linanitia aibu kidogo. Tulifundishwa ushirika kama aina hai ya biashara, kuanzia chama cha mikopo alichokianzisha Mjerumani Raiffeisen katika kijiji cha Heddesdorf mwaka 1864. Babu yangu aliuza kahawa yake kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioundwa mwaka 1933, lakini shuleni tulikariri jina hilo kama somo la historia tu. Tena pale Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo mwaka 1963, nami nilipita mbele ya lango lake miaka yote ya sekondari nikidhani wanaosoma mle ni waliokosa nafasi kwingine.

Mwaka jana mama alipata barua ya makadirio ya kodi iliyomshtua, akatupigia mimi na binamu yangu kwa pamoja. Nilianza kueleza kanuni za jumla za utozaji kodi, kwa kirefu. Binamu yangu, aliyekuwa mwaka wa pili, akamuuliza mama mauzo ya mwaka ni kiasi gani na kama risiti za mashine anazitunza, akamweleza kwamba mfanyabiashara mdogo anayetunza kumbukumbu hukadiriwa tofauti na asiyetunza, kisha akamtajia karatasi za kubeba na dirisha la kuanzia. Dakika kumi hazikufika. Mama akamwambia aje Jumamosi waliangalie kaunta buku pamoja, na mimi nikaulizwa kama huku theluji imeanza kuanguka.