Hilo ni doa la wino, si grafu

Msimu wa kutetea tasnifu ukifika zinarudi slaidi zilezile: grafu ya mtawanyiko yenye nukta elfu kadhaa, zimelaliana kama dagaa kwenye karai, na mstari mwekundu umekatiza katikati. Mwenye kazi amechagua fonti ya kichwa kwa makini. Ameweka nembo ya chuo kwenye kona. Nukta zenyewe, ambazo ndizo data, hakuzigusa. Kisha anatugeukia: "Kama mnavyoona..."

Tunaona doa.

Kuna imani kwamba kurekebisha mwonekano wa grafu ni urembo, kazi ya dakika za mwisho kama kuchagua rangi ya jalada. Kwa grafu ya mihimili labda. Kwa mtawanyiko, sikubali. Nukta moja yenye rangi nzito na nukta mia zilizokaa palepale zinaonekana sawasawa kabisa. Ukiacha mpangilio uliokuja na programu, umeficha wingi wa data yako, halafu unatuomba tuamini mstari.

Chukua data ya diamonds inayokuja na ggplot2, kifurushi cha kuchorea grafu katika lugha ya R, ambayo karibu kila aliyejifunza R ameipitia: almasi 53,940, uzito kwa karati na bei kwa dola. Weka carat kwenye X, price kwenye Y, kisha geom_point, amri ya kuchora nukta, bila nyongeza yoyote. Utapata bonge jeusi linalopanda kuelekea kulia, na utahitimisha kwamba jiwe zito lina bei kubwa. Hongera. Hilo hata muuza pete wa Kariakoo angekuambia bure.

Sasa andika geom_point(alpha = 1/50, size = 0.8, shape = 16); alpha, yaani alfa, ni ukolevu wa rangi, ikishuka nukta inaonyesha kilicho chini yake. Bonge linapasuka. Inasimama milia ya wima kwenye karati 1, kwenye 1.5, kwenye 2, na kushoto tu kwa kila mlia pamepwaya, kwa sababu hakuna anayetaka kuuza jiwe la karati 0.98 ikiwa angeweza kulifikisha 1. Endelea: badilisha umbo liwe shape = "." na uisogeze karibu kwa coord_cartesian(ylim = c(1000, 2000)). Karibu na dola 1,500 kuna mkanda mweupe uliolala, hauna almasi hata moja. Ni pengo la data lenyewe, lilikuwepo muda wote, na nukta nene zilikuwa zimelikalia. Huo ni urembo?

Na alfa yenyewe wengi wanaihesabu vibaya. Wanadhani alpha = 1/10 maana yake nukta kumi zikipandana rangi imekamilika. Haijakamilika. Kila nukta mpya hufunika moja ya kumi ya kile kilichobaki wazi, kwa hiyo kumi zinakufikisha asilimia 65 tu. Kufika 99 unahitaji 44. Kwa 1/100 unahitaji 459. Basi usibahatishe. Tazama mahali penye msongamano kuliko pote: kama tayari pamekolea hadi mwisho, macho hayawezi tena kutofautisha nukta 50 na 500, teremsha. Kama nukta za pembezoni zimepotea kabisa kwenye karatasi, umeteremsha mno.

Nimeandika shape = 16 kwa makusudi. Usiposema kitu ggplot2 inatumia 19, na 19 ina ukingo wake. Rangi ikishakuwa nyepesi, ukingo na tumbo la nukta vinapishana na mara nyingi unabaki na vipete. 16 haina ukingo, shida imekwisha.

Kwa watu wa Stata, programu nyingine ya takwimu, mcolor(navy%20) inafanya kazi kuanzia toleo la 15. Wenye toleo la zamani tumieni viduara vyenye tumbo tupu, msymbol(oh), si kamili lakini vinasaidia. Kwa watu wa Python, s kwenye scatter ya matplotlib ni eneo la nukta wala si kipenyo, na usipoiandika huwa 36, hivyo anayetaka nukta yenye upana wa nusu aandike 9, si 18. Na watu wa Excel, ambao ndio wengi: bofya nukta kwa kitufe cha kulia, Format Data Series, kopo la rangi, Marker. Hapo Marker Options iwe Built-in, ukubwa 3. Fill iwe Solid fill na Transparency 80%. Border iwe No line. Ukisahau Border utakuwa umefifisha matumbo na kuacha kingo zote nzito, na doa linabaki palepale. Halafu, kwa heshima zote, chagua Scatter, si Line. Line inazichukua namba za X kama majina na kuzipanga kwa umbali sawa, hata kama ni 1, 2 na 90.

Haya, nakubali kwa shingo upande: mwenye nukta 40 aache rangi nzito, hana shida hii. Na mwenye milioni moja, alfa haimwokoi, aende geom_hex, inayogawa grafu kwa vyumba vya pembe sita, ahesabu nukta za kila chumba.

Data za dodoso ni kesi nyingine. Umri umerundikana kwenye 30, 35, 40, idadi ya watoto ni namba kamili, kwa hiyo hata alfa inakuonyesha gridi tu. Zitikise kidogo, lakini usiiachie geom_jitter iamue: yenyewe husogeza asilimia 40 ya pengo kila upande, tena kwa mihimili yote miwili, X na Y. Andika width = 0.2, height = 0 kama Y yako ni kipimo halisi. La sivyo umechezea shinikizo la damu la watu.

Makundi: ggplot2 huchora kwa mpangilio wa mistari ya data kwenye faili, hivyo kundi la mwisho kwenye faili hulifunika la kwanza. Kabla hujatangaza kwamba mijini wamewazidi wa vijijini, changanya data kwa slice_sample(prop = 1) uchore upya.

Mengine haraka. Ukiandika colour = "blue" ndani ya aes, mahali pa kutaja data itakayoamua rangi, utapata nukta nyekundu na ufunguo wa pembeni wa rangi unaosema blue; itoe nje. Ufunguo ukififia pamoja na nukta, urudishe kwa override.aes = list(alpha = 1, size = 3). Nyekundu dhidi ya kijani, acheni jamani, wapo wasiozitofautisha. Na xlim, ya kuweka mipaka ya X, haikuzi picha, inatupa data iliyo nje ya mipaka, na mstari wa mwelekeo unahesabiwa upya bila hizo zilizotupwa.

Jarida likikuomba EPS, faili la picha la PostScript, jiandae: PostScript haijui rangi yenye alfa, inayopitisha kilicho chini yake. R itatoa onyo moja ambalo hutalisoma, na kwenye faili mihimili itakuwepo, kichwa kitakuwepo, katikati peupe pe. Wapelekee PDF. Nukta zikizidi laki moja wapelekee TIFF au PNG ya dpi 300, maana PDF hubeba kila nukta peke yake na kompyuta ya mhariri itagoma kuifungua.