Kodi ya kazi ya pembeni huanzia pale mshahara ulipoishia

Muulize mwajiriwa yeyote analipa kodi kiasi gani kwa mwezi, na kabla hajajibu atakwenda kutafuta karatasi ya mshahara. Simlaumu. Mwajiri ndiye anayekokotoa, anayekata na anayepeleka, kwa hiyo fedha inayoingia benki mwisho wa mwezi ni ya mwajiriwa kweli. Kasheshe inaanza pale anapoichukulia hivyohivyo fedha ya kibarua: ile tafsiri ya usiku, tovuti aliyomtengenezea mtu, picha za harusi za Jumamosi. Ujumbe wa malipo unaingia kwenye simu, anausoma, na tayari anapanga matumizi ya fedha yote.

Wenye tahadhari huambiana, "Weka pembeni asilimia kumi." Ushauri huu naupinga, tena naona una madhara kuliko kunyamaza, kwa sababu humfanya mtu alale usingizi akidhani amejipanga.

Nchi nyingi hutoza kodi ya mapato kwa madaraja, na kiwango hupanda kadiri kipato kinavyopanda. Kile kiasi cha mwanzo kisichotozwa, pamoja na madaraja ya chini yenye nafuu, mshahara umeshavila vyote. Kazi ya pembeni haipati daraja lake jipya la kuanzia. Inapandishwa juu ya mshahara, na senti yake ya kwanza inatozwa kwa kiwango kilekile kilichotoza senti ya mwisho ya mshahara.

Chukua Uingereza, ukiiacha Uskoti yenye viwango vyake. Pauni 12,570 za kwanza kwa mwaka hazitozwi, kuanzia hapo hadi 50,270 ni asilimia 20, kisha inaingia 40. Mtu mwenye mshahara wa pauni 48,000, aliyebaki na faida ya 6,000 kwenye kazi zake za pembeni, atatozwa asilimia 20 kwa pauni 2,270 na asilimia 40 kwa 3,730 zilizobaki. Jumla ni pauni 1,946, karibu theluthi ya faida. Aliyefuata ushauri wa asilimia kumi ana pauni 600 mkononi.

Marekani kuna jambo jingine juu ya hilo. Faida ya kujiajiri ikifika dola 400 kwa mwaka, unadaiwa pia michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee, kwa kiwango cha asilimia 15.3 kinachopigwa kwenye sehemu kubwa ya faida hiyo. Kwenye ajira nusu ya mzigo huo hubebwa na mwajiri bila wewe kuuona. Kwenye kibarua mwajiri ni wewe.

Kodi ya zuio nayo inawapoteza wengi. Mteja akikata kidogo kabla ya kulipa, mtu anahesabu kwamba kodi imekwisha. Mara nyingi hayo ni malipo ya kutanguliza tu. Kenya, kwa mfano, ada ya huduma za kitaalamu kwa mkazi hukatwa asilimia 5, wakati mshahara unaotozwa kodi ukizidi shilingi 32,333 kwa mwezi umeshaingia daraja la asilimia 30. Tofauti utaikuta kwenye ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi unayowasilisha kwa mwaka. Idai hati ya makato kwa mteja mapema, kabla hajakusahau, maana bila hiyo hata ile asilimia 5 unaweza kushindwa kuithibitisha.

Kuhusu kuficha mapato sitasema mengi. Umoja wa Ulaya tangu 2023, na Uingereza tangu 2024, majukwaa ya mtandaoni yanatakiwa kukusanya na kuripoti mapato ya wanaouza huduma kupitia kwao. Anayesema "hawatajua" anazungumzia zama zilizopita.

Afadhali nguvu hiyo ya kuficha itumike kwenye gharama, maana hapo kuna nafuu halali ambayo watu wanaiacha mezani. Kwa kawaida kinachotozwa ni faida, si kila kilichoingia. Programu unayolipia kwa ajili ya wateja, ada za benki na za jukwaa, sehemu ya intaneti inayotumika kazini: vyote vinaweza kupunguza hesabu, mradi risiti ipo na mgawanyo una mantiki. Simu unayopigia ndugu zako siku nzima usiiandike yote kuwa ya biashara. Kompyuta ya ofisini pia si gharama yako, kwa kuwa hukuinunua. Na kama unaitumia kwa vibarua, kausome mkataba wako wa ajira kabla ya kuwaza kodi. Akaunti ya benki ya peke yake kwa kazi hizi itakuokolea jioni nyingi za kubahatisha muamala upi ulikuwa wa nini.

Kwa maoni yangu, mamlaka zote za mapato zingepaswa kuruhusu kodi hii ikatwe kidogokidogo kwenye mshahara. Uingereza, anayedaiwa chini ya pauni 3,000 na kuwasilisha ritani mtandaoni kufikia tarehe 30 Desemba anaweza kuomba deni likatwe hivyo. Marekani mwajiriwa hujaza mwenyewe, kwenye fomu anayompa mwajiri, kiasi cha nyongeza anachotaka kikatwe kila malipo. Na kwa wanaoogopa bosi kujua mambo yao ya usiku: fomu hiyo ina nafasi ya kiasi tu, haina swali la kwa nini.