Fundi Anaomba Logi: Nani Aisafishe?

Ukimwambia fundi wa msaada kwamba programu "inagoma", bado hujamwambia kitu. Iligoma saa ngapi, baada ya kubofya wapi? Logi, yaani kumbukumbu ambayo programu hujiandikia yenyewe inapofanya kazi, huyajibu hayo: kila hatua na saa yake, pamoja na namba ya kosa. Kwa hitilafu inayojitokeza mara moja kwa wiki kisha ikapotea, hakuna shahidi mwingine. Fundi anayeiomba hakusumbui; anataka kuacha kubahatisha.

Ila logi haichagui cha kuandika. Chukua faili la HAR, ambamo kivinjari hurekodi mawasiliano yake yote na tovuti. Humo huweza kuwamo vidakuzi (cookies), vipande vidogo vya data vinavyoijulisha seva kwamba wewe umeshaingia. Atakayevipata kabla muda wake haujaisha huweza kuingia kama wewe, bila nywila wala ule msimbo unaotumwa kwenye simu.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2023 kwa Okta, kampuni ya Marekani ambayo biashara yake yenyewe ni kulinda mageti ya mifumo ya wengine. Wadukuzi waliingia katika mfumo wake wa msaada wakafikia mafaili ya wateja 134, na kwa wateja 5 wakafanikiwa kutumia vidakuzi walivyovikuta. Mmoja wa wateja hao, kampuni ya BeyondTrust, alieleza kuwa hazikupita hata dakika 30 tangu msimamizi wake apakie faili, kidakuzi kikawa kimeshatumiwa. Na hao ni watu wa usalama wa mitandao!

Baadaye Okta iliwashauri wateja wasafishe faili kabla ya kulituma. Ushauri ni sahihi, lakini mimi naona mzigo umetwishwa asiyeuweza. Mwenye duka ambaye programu yake ya hesabu imekwama atazisomaje maelfu ya mistari ile? Kazi hiyo ni ya anayeomba, tena mashine inaiweza: Cloudflare, kampuni ya huduma za mtandao, ilitoa zana ya kuisafisha HAR, na Chrome siku hizi huondoa vidakuzi yenyewe usipoiambia vinginevyo.

Mafundi wana hoja moja nzito: ukisafisha kupita kiasi unafuta ushahidi. Kama tatizo ni la kuingia kwenye akaunti, huenda kidakuzi ndicho chenye hitilafu. Hapo fundi atakihitaji kweli, na ni haki aseme hivyo waziwazi. Mteja naye arekodi, kisha atoke kwenye akaunti kabla ya kutuma. Kwa mifumo mingi, ukitoka, kidakuzi kilichomo hakifungui tena mlango.