Sikulia kwa Sababu ya Teke

Kwa kuwa shemeji yangu ameshaweka status kwamba "shemeji kapigwa teke na ng'ombe, kalia kama mtoto", nami nijieleze. Teke ni kweli. Machozi nayo ni kweli. Sababu ndiyo imepotoshwa.

Si mnakumbuka wiki jana nilivyowajazia picha za ile semina ya ukamuaji? Basi Jumamosi nimefika ukweni Tukuyu, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, nikamwambia baba mkwe leo apumzike, nakamua mimi. Kisasa. Akavuta kigoda aangalie. Shemeji naye pembeni, simu mkononi.

Nilianza vizuri, hata yeye habishi. Nikaosha kiwele cha Neema kwa maji ya uvuguvugu. Michirizi ya kwanza nikaikamulia kwenye kikombe cheusi, nikamwonyesha mzee: hakuna mabonge, ugonjwa wa kiwele hakuna. Nikachovya chuchu zote nne kwenye dawa ya ayodini, nikahesabu hadi 30 kwa sauti (ndiyo, kwa sauti), nikazifuta. "Kila ng'ombe na taulo lake, baba." Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikachota mafuta ya kukamulia, nikajipaka mikononi, nikaanza.

Sasa hapa twende polepole.

Neema aliacha kutafuna. Sikio moja likalala nyuma. Akageuza shingo akanitazama, wala si kwa hasira. Kama mtu aliyetajwa kwenye kikao cha harusi na mchango hajatoa. Mimi bado namwelezea mzee habari za bakteria. Mkia ukanyooka. Mguu wa nyuma ukainuka taratibu, kwato ikaning'inia, tope linadondoka, tone, tone. Nikasema, "Tulia, mama." Ndoo ikatangulia. Mimi nikafuata. Nilitua kwa makalio juu ya hicho hicho mnachokifikiria, bado cha moto, na kwa baridi ile nakiri kwamba kwa sekunde moja nilisikia raha.

Nikajifuta jicho kwa mkono. Hapo ndipo nikaelewa.

Nusu saa kabla, jikoni, huyu huyu shemeji alinipa kisu nimkatie pilipili kichaa za kachumbari. Nilinawa jamani, nilinawa! Ila kwa maji ya baridi matupu, sabuni ilikuwa mbali. Na pilipili haijali maji, inachokipenda ni mafuta. Mafuta nimejipaka mwenyewe, nikampaka na ng'ombe wa watu.

Jicho la kwanza likafumba. Nikalifuta la pili, kwa mkono ule ule.

Yaliyobaki ni mafupi: Neema akaoshwa kwa sabuni mara mbili, mzee akakamua, mimi nikaoshwa uso kwa maziwa pale uani, watoto wa jirani wamejipanga kwenye ua.

Usiku kachumbari ilikaa katikati ya meza, hakuna aliyeigusa. Baba mkwe alikula ndizi zake kimya hadi akamaliza, akanawa. Kwa sabuni.

"Mkwe, ile semina mlilipwa posho?"

Nikasema tulilipwa.

"Aah. Afadhali."